Nimerudi Nabugoye, nikaulizwa cheti

Niliondoka Mbale mwaka 2000. Ijumaa iliyopita, baada ya miaka 24, nilipanda kilima cha Nabugoye, nyumbani kwa jamii yetu ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, kwa bodaboda jua likikaribia kuzama. Wenzangu mlio ughaibuni, lile sinagogi letu la matofali mnalikumbuka, ambamo mvua ikipiga bati msomaji hasikiki. Siku hizi watu husali katika sinagogi kubwa la Stern, lililofunguliwa mwaka 2016, na sina neno baya juu yake.

Kilichonikwaza kilitokea baada ya ibada. Kijana mpole, mwenye kipa ya kufumwa, ile kofia ndogo ya Kiyahudi, aliniuliza: "Mzee, mwaka 2002 ulikuwepo? Cheti cha kuongoka unacho?" Nia yake ilikuwa njema, ila nilihisi nimepigwa kofi. Wakati ule, marabi kutoka nje waliwaongoa rasmi watu wetu wapatao 400, kila mmoja akahojiwa na kuzamishwa majini, kwa kuwa sheria ya Kiyahudi humtambua aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka mbele ya jopo la watatu. Mimi nilikuwa ughaibuni, ambako nako niliulizwa swali hilohilo.

Semei Kakungulu, mwanzilishi wa jamii yetu, alipojitahiri pamoja na wanawe mwaka 1919, alimwonyesha nani cheti? Husimuliwa kwamba aliambiwa tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu kuwa basi ni Myahudi. Kisha Idi Amin akapiga marufuku ibada yetu; wengi wakaenda kanisani au msikitini, na jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ikabaki na mia chache. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa waliobaki, akinong'ona zaburi kwa Kiganda huku madirisha yamefungwa, hadi majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala Aprili 1979, juma lilelile la Pasaka ya Kiyahudi. Mtu wa namna hiyo azamishwe majini ili awe nani?

Kwa hiyo mtakaorudi, andaeni jibu kabla ya kupanda kilima.

Jumapili nilikwenda kwa mjomba nikiwa na hasira ya kutosha sisi wawili. "Mjomba, nawe walikuzamisha?" Akafungua Biblia yake ya Kiganda, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, taratibu, kama anayepiga pasi. "Soma jina," akaniambia. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, kwa sauti, mkewe asikie.