Wanalia au zinalia

Leo siku ya nne tangu nirudi na bado ile simu ya mama inajirudia kichwani. Mnaoniuliza kuhusu kazi, ndiyo wamenichukua, naanza tarehe mosi, na baba mdogo katoka hospitali Jumanne anaendelea vizuri alhamdulillahi. Ila sio hayo yanayoninyima usingizi.

Mnakumbuka niliandika kwamba naunganisha ndege Istanbul, masaa 17, natua saa 12 asubuhi na ya pili inaruka saa 5 usiku. Mama wiki nzima kabla ya safari alikuwa na wimbo mmoja tu, ukifika kaa hapohapo, usitoketoke, begi liwe miguuni. Nikamwambia sawa mama, na nilikuwa nimenuia kweli kukaa. Masaa mawili tu kwenye kile kiti nikashindwa, mji mzima uko nje na mimi natazama mabegi ya watu yakipita? Viza nilikuwa nayo, begi nikaliacha pale wanapotunza mizigo, nikashuka kwenye metro, M11 mpaka Gayrettepe halafu nikaunga M2, maana ule uwanja uko mbali na mji, huko juu karibu na Bahari Nyeusi.

Ayasofya sikuingia, foleni ilikuwa ndefu mno. Nikakaa kwenye benchi nje naliangalia lile kuba, kanisa tangu mwaka 537, msikiti 1453, likaja kuwa makumbusho, 2020 msikiti tena, na watu wanapita mbele yake wanasukuma watoto kama vile ni ukuta wa jirani. Nikateremka mpaka Eminönü. Kwenye daraja la Galata wavuvi wamejipanga bega kwa bega na mishipi yao, ndoo za maji miguuni, na samaki wenyewe wadogo kama kidole. Nikapanda feri ya Kadıköy. Dakika 20 hivi, umepanda Ulaya unashukia Asia, na unalipa kwa kadi ileile ya metro, jamani!

Shakwe walitufuata njia nzima. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anawarushia simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta, akanimegea na mimi kipande bila kusema neno. Nikarusha, shakwe akadaka hewani karibu kabisa na vidole vyangu, nikapiga kelele kwa furaha na machozi yakanitoka hapohapo mbele za watu. Na simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Nipo eapoti mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akanyamaza kidogo. "Mbona nasikia ndege?"

"Si ndiyo eapoti mama, lazima usikie ndege."

Hapo akasema neno moja na upepo ukalikata, ama "wanalia hivyo?" ama "zinalia hivyo?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Haya, lala basi mwanangu."

Basi mimi nimekwama hapo. Mama hachanganyi, za abiria kwake ni zinalia, wa kwenye mti ni wanalia. Nikijilaza upande mmoja nasikia "wanalia" wazi kabisa, nikigeuka nasikia "zinalia". Na kama alisema wanalia basi alishajua, palepale, na bado akaniambia nilale.

Aliponipokea hakuuliza kitu. Jana jioni tumekaa nje wawili, bila hata kunitazama akasema, "Na huko kwa kusubiri, ulilala?" Nikasema nililala mama. Mara ya pili hiyo, na jana hapakuwa na upepo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama ndiye aliyenifundisha ndege. Nikiwa mdogo alikuwa ananishika kidevu ananigeuza uso, yule tetere, yule chiriku, sikiliza. Ningesema tu mama nipo baharini, ningeinua simu juu akawasikia vizuri, labda angegomba dakika moja halafu angeuliza wana rangi gani, wana ukubwa gani, wanakula nini. Nina video ya sekunde 14, shakwe yule na mkono wangu, sijamwonyesha mtu yeyote. Naifungua naitazama bila sauti kwa sababu chumba chake kiko ukutani kwangu.

Nitampa kesho akishamaliza kuswali alfajiri. Nimeshaiweka mbele kabisa kwenye simu nisije nikajifanya naitafuta.

Halafu Shani tangu Jumatano meseji zangu zina tiki moja tu, na sio kawaida yake kuzima simu siku tatu. Nimempigia mara mbili jioni hii haipatikani. Kama kuna mtu amemwona aniambie.