Masta ya uuguzi: kwa nini nilisubiri, na ruhusa niliipataje

Nilipomaliza intern, yale mazoezi ya kazi hospitalini baada ya digrii ya uuguzi, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mjomba anasema unganisha masta hapohapo, ukishazaa kichwa hakishiki tena. Wenzangu wa chuo wanasema masta ya uuguzi ya nini, soma afya ya jamii uingie kwenye miradi. Halafu kuna sista mmoja wodini akaniambia utasoma weee utarudi hapahapa kubadilisha dripu. Ile kauli inanikera mpaka leo, maana huyo mgonjwa wa dripu ndiye anayetufia usiku kwa sababu aliyekuwa zamu hakuona mapema kwamba anabadilika.

Mimi nilisubiri na najivunia kusubiri. Ukienda pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, lazima uchague: wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, au ukunga na afya ya wanawake. Sasa mtu umetoka intern ya mwaka 1, kila wodi umepita kidogo kidogo, unachagua kwa kigezo gani? Nikaajiriwa serikalini, nikakaa leba, nikakaa watoto, mpaka zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa 2021 zikajenga ICU, yaani wodi za wagonjwa mahututi, kwenye hospitali nyingi na sisi tukapata ya kwetu, nikapangwa humo.

Hapo ndo nikaanza kutembea na kadaftari mfukoni. Kila swali linalonishinda zamuni naliandika, na sichagui, la mgonjwa yeyote yule. Mfano kuna siku daktari alishusha PEEP (presha ya hewa inayobaki kwenye mapafu mgonjwa akishatoa pumzi) kwenye ventileta, mashine ya kupumulia, na presha ya damu ya mgonjwa ikapanda, mimi nimebaki naangalia monita tu. Usiku nikasoma kwenye simu nikaelewa kwamba PEEP ikiwa juu inabana damu inayorudi kwenye moyo, ila jibu hilo likazaa maswali mengine matano. Nilipokuja kulifungua lile daftari baada ya miezi mingi, karibu kurasa zote ni ventileta na dawa za kupandisha presha. Ya leba yalikuwepo lakini mengi nilishayajibu kwa kuuliza wakunga wazoefu. Basi, kozi ikawa imejichagua, na muda pia, kwa sababu kuuliza wenzangu kulikuwa hakunitoshi tena.

Ruhusa ya mwajiri kwenda masomoni sasa. Niliambiwa na wengi pata admishen kwanza ruhusa itafuata yenyewe. Uongo mtupu! Nikaomba, nikapata, nikaipeleka ile barua kwa furaha zote, afisa utumishi akafungua faili akaniambia jina lako halimo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huu. Nafasi ikaenda hivyohivyo, na hela ya fomu. Kuna aliyenishauri niondoke tu nitamalizana nao mbele, jamani, siku 5 bila ruhusa ni utoro na unafukuzwa kazi, usijaribu.

Aliyenifungua macho ni katibu wa afya: mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo jina liingie miezi mingi nyuma, bajeti zikiwa bado zinaandaliwa. Mwaka uliofuata nikaandika barua mapema, na kile kidaftari nikakitumia, nikatoa maswali mazito nikayapanga kwa mada nikaambatanisha, nikaeleza kwamba mashine tunazo na hatuna hata muuguzi mmoja aliyezisomea. Matroni, mkuu wa wauguzi, alisoma akaibeba mwenyewe kwenye kikao.

Mshahara uliendelea kuingia miaka yote 2. Ada ilikuwa juu yangu, milioni kadhaa kwa mwaka, nyingine mkopo wa benki, na mwaka wa utafiti ndo unakula hela kweli kweli, uwekee akiba mapema. Mtoto nilimpata kabla ya kuanza na kichwa kilishika vizuri tu, mjomba asome hapa. Kama hujathibitishwa kazini tulia kwanza. Na barua ianzie kwa inchaji wako, yaani kiongozi wa wodi, ipite kwa matroni, ndo iende kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, usimruke mtu hata mmoja.