Kukifuata Kiini Kinakozaliwa

Tramu namba 18 ya Geneva inaishia mlangoni pa CERN, maabara ya fizikia ya chembe, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa. Wengi tulioshuka pamoja walilielekea lile jumba la mbao lenye umbo la tufe, gumzo lao likiwa ni pete ya kilomita 27 ya kuharakishia chembe iliyozikwa ardhini. Mimi shida yangu ilikuwa ISOLDE, sehemu ya CERN ambayo wageni wengi hawaijui ingawa imekuwa ikizalisha viini vya atomu visivyo imara tangu 1967.

Viini hivi ndivyo vinavyomlazimisha mtu kusafiri. Chukua radoni-220 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini chake): haipiti dakika moja, nusu yake imeshaoza. Huwezi kuifungasha ukaipeleka maabara nyingine. Anayetaka kujua umbo lake aje hapa.

Mwenyeji wangu, mtafiti wa hapo, alinibandika kipima mionzi kifuani na kunionya nisiguse kitu. Chanzo chenyewe cha viini hatukukiona, kwani kimefichwa nyuma ya kuta nene na hata kukibadilisha ni kazi ya roboti. Huko ndani, protoni zenye nishati ya GeV 1.4 (elektronivolti bilioni 1.4) huigonga kabidi ya urani iliyopashwa moto hadi nyuzijoto 2000 hivi. Urani inavunjika, vipande vinavuja kwa lile joto, leza inaipokonya elektroni elementi inayotakiwa tu, kisha sumaku inachambua kwa uzito isotopi zake, yaani aina zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni.

Ukumbini ni kelele za pampu na mabomba yaliyovingirishwa foili ya alumini. Tulilifuata bomba moja hadi Miniball, kifaa cha kunasa miale ya gama. Fuwele za gemaniamu, zinazopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, zimekizunguka chumba kidogo cha chuma kwa ukaribu kiasi kwamba sikuona pa kupenyeza mkono. Ndani yake kuna utando mwembamba wa metali, na viini vinavyokuja mbio vinarushwa juu yake.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba viini hivyo na vile vya utando havigusani. Vinapishana tu, chaji zao zinasukumana, na kile kilichokuja mbio kinatikisika. Kama kimerefuka, kinaanza kuzunguka. Kikitulia kinatoa miale ya gama yenye nishati zake maalumu. Kiini cha duara kamili hakiwezi kuonyesha mzunguko wa namna hiyo. Picha, basi, haipo: kwenye skrini kulikuwa na grafu yenye vilele, na umbo linakokotolewa kutokana na mahali vilele vilipo na urefu wake.

Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 2013 ilitangazwa kwamba radiamu-224 imenenepa upande mmoja na kuchongoka upande wa pili, kama tunda la pea. Radoni-220 haina umbo hilo la kudumu. Inalikaribia tu inapotetema. Tofauti hiyo si ya mapambo. Atomu zenye viini vya umbo la pea ndizo zinazofaa kutafutia dalili za kwa nini ulimwengu umejaa maada huku antimaada, kinyume chake chenye chaji zilizogeuzwa, ikiwa haba.

Hata hivyo, kilichonivutia zaidi ni kisa cha zebaki. Mtu angetarajia kiini kisinyae kila kinapopungukiwa nyutroni. Katika miaka ya 1970, hapa hapa, vipimo vya mwanga vilionyesha kwamba isotopi za zebaki zenye uzito wa 181, 183 na 185 zimevimba ghafla, huku majirani zake wa namba shufwa wakibaki wadogo. Nyutroni moja tu ikiondoka, kiini kizima kinajipanga upya! Vipimo vilivyochapishwa 2018 vilishuka hadi isotopi nyepesi zaidi na kuona mrukoruko huo unakoma.

Nilimuuliza mwenyeji kwa nini hasa zebaki. Akavuta ubao, akachora ngazi mbili za nishati zilizokaribiana mno, moja ya kiini cha karibu duara na nyingine ya kilichorefuka, akaanza kunieleza jinsi protoni chache zinavyoweza kuamua ipi ishinde. Tulikuwa bado ubaoni hapo wenzake wa zamu ya usiku walipoingia.