Juu ya nini kuna g mu doigt? Majibu kwa watoto wa dada yangu

Maharagi ya Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo, hayana ukaidi. Naanza na hilo kwa sababu watoto wa dada yangu waliniuliza wakiwa wameizunguka mbabula, jiko letu la makala (makaa), njaa inawauma: mbona sufuria inatokota tangu zamani na maharagi bado magumu? Jibu ni kimo cha mji wetu. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huku juu hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi kuliko ya pwani. Maji yanaishinda mapema na kuanza kuchemka. Mombasa au Dar es Salaam yanachemka yakifika digrii 100. Hapa kwetu ni digrii 95 hivi. Na yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena, hata ukiongeza makala mpaka mbabula iwe nyekundu yote. Makala ya ziada yanakwisha kwa kutoa mvuke tu. Kwa hiyo maharagi yetu yanapikwa na maji yenye joto pungufu, na yanadai muda. Uvira, kule chini kando ya Tanganyika, haifiki mita 800, na sufuria ya huko inaitangulia yetu. Tuyaloweke usiku kucha, na sokoni tuulize kama ni ya mavuno mapya, maana punje iliyolala sana ghalani inakuwa ngumu zaidi. Mama zetu walijua kuloweka bila kupima digrii yoyote, na ninawaheshimu kwa hilo.

Kibanda changu cha kuchapa barua na kutoa fotokopi kiko upande wa Essence. Watoto hao wakitoka masomo wananipitia, wanakaa kwenye benchi la wateja mpaka nifunge, na wakikaa wanauliza. Nimeamua kuyaandika majibu kwa sababu wazazi wengi wanaulizwa yale yale, na mtoto akiambiwa «ndivyo ilivyo, nyamaza» mara nyingi, siku moja ananyamaza kweli.

Vidole vinavyojikunja baada ya kufua au kuoga ziwani, kwa mfano. Wengi wetu tuliambiwa ngozi imenywa maji ikavimba. Lakini waganga waligundua zamani kwamba kidole ambacho neva yake imekatika hakijikunji hata ukikiloweka mchana kutwa. Maana yake ni mwili wenyewe unaotoa amri: mishipa midogo ya damu chini ya ngozi inabanwa, nyama inapungua, ngozi ya juu inabaki na mikunjo. Na mikunjo hiyo inasaidia kushika kitu kilicholowa. Mtoto aliyesikia hivyo alikwenda kujaribu na sabuni papo hapo.

Jogoo je, anajuaje kwamba kunakucha wakati bado giza? Ana saa ndani ya mwili. Watafiti wa Japani waliwafungia majogoo ndani ya mwanga hafifu usiobadilika, na bado waliwika kila siku karibu na saa ya alfajiri. Walipowaweka kadhaa pamoja, aliyekuwa mkubwa wao kwa cheo ndiye aliyeanza, wengine wakafuata kwa mpangilio wa vyeo. Sikilizeni asubuhi mtaani kwenu, mtamjua mwenye enzi.

Sasa swali ambalo limenishika kuliko yote. Lilikuja na daftari la dikte, yaani imla ya Kifaransa, wino mwekundu umetapakaa toka juu hadi chini. Binti mdogo wa dada yangu alikuwa ameandika doi badala ya doigt, yaani kidole. Akaniuliza kwa Kiswahili chetu, ambacho «juu ya nini» maana yake ni «kwa nini»: «Mama mudogo, juu ya nini banaandikaka g mu doigt na haisikike?»

Mtoto aliyeandika doi amesikia vizuri. Sikio lake ni zima, akili yake ni nzima, na ninataka kila mzazi anayeshika daftari la namna hiyo alijue hilo kabla ya kupandisha sauti. Katika Kifaransa cha kale waandishi wenyewe hawakuiweka g hiyo. Iliingizwa na makarani wa mwisho wa Enzi za Kati, watu waliosoma Kilatini, waliokumbuka kwamba kidole kwa Kilatini ni digitus. Hakuna aliyeitamka, iliwekwa ionekane, ili neno lionyeshe ukoo wake. Ndivyo ilivyoingia p ya temps, kwa ajili ya tempus. Ndivyo ilivyoingia p ya corps, kwa ajili ya corpus, na g ya vingt, kwa ajili ya viginti. Mara nyingine walikosea hata huo ukoo. Neno poids, yaani uzito, walilipa d wakidhani linatoka kwa pondus, kumbe linatoka kwa pensum, lisilo na d yoyote. Kosa la makarani hao tunalikariri mpaka leo Bukavu, na mtoto asiyelikariri anapunguziwa alama.

Ninayoipenda zaidi ni h ya huit, yaani nane. Kilatini kilisema octo, bila h. Lakini zamani u na v zilikuwa herufi moja, kwa hiyo aliyeandika uit angeweza kusomwa vit. Wakatanguliza h kama alama ya kumwambia msomaji: hapa soma u. Huile na huître zilipata h yao kwa njia hiyo hiyo. Baadaye u na v zikatenganishwa, kazi ya h ikaisha, nayo ikabaki pale pale, kama mahali panapoendelea kuitwa Mwembeni ingawa mwembe ulikatwa zamani.

Kofia ndogo ya fenêtre, forêt na hôpital nayo inatoka huko huko. Hapo zamani palikuwa na s: fenestre, forest, hospital. Midomo iliiacha s, mkono ukaendelea kuiandika, mpaka kamusi ya Académie française, baraza la wasomi linalosimamia Kifaransa, ya mwaka 1740 ikaiondoa katika maneno mengi na kuacha kofia mahali pake.

Académie hiyo iliundwa mwaka 1635, na kamusi yake ya kwanza ilitoka 1694. Walipokuwa wakiiandaa, mwaka 1673, waliandikiana mwongozo wa tahajia. Ndani yake walisema wanapendelea namna ya kale ya kuandika, kwa kuwa inawatenganisha wasomi na wajinga na wanawake wa kawaida. Mimi ni mwanamke na ninaishi kwa kuchapa Kifaransa, kwa hiyo habari hii inanigusa. Ugumu ule haukuwa ajali tupu. Kulikuwa na watu waliouona ni mlango mzuri wa kuzuia wengine, wakaamua uendelee kufungwa. Sisemi mwalimu wa leo ana nia hiyo, anafundisha alichofundishwa. Ila mtoto anayelia juu ya dikte anastahili kujua mlango huo uliwekwa na nani.

Hata wakubwa hawakupita bila kugonga vichwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1857 watu wa kasri la Kaizari Napoléon III walipewa dikte ngumu iliyotungwa kwa ajili yao. Kaizari alipata makosa 75, mke wake 62, na aliyewashinda wote alikuwa mgeni, Mwaustria wa ukoo wa Metternich, mwenye makosa 3. Niliwasomea watoto hesabu hiyo. Binti wa dada yangu alihesabu wino mwekundu wa daftari lake, akapumua.

Kaka yake mkubwa, ambaye ameanza Kiingereza, alitaka kujua kama huko ni afadhali. Si afadhali. Kiingereza kilipigwa chapa mapema, William Caxton alifungua karakana yake Westminster mwaka 1476, na karne zile zile sauti za irabu zao zilikuwa zinahama kwa nguvu. Vitabu vilishika sauti ya zamani, watu wakaenda na mpya. K ya knight ilitamkwa kweli. Na gh yake pia.

Basi wakaniuliza swali lililonifurahisha kuliko mengine: kwa nini Kiswahili ni chepesi? Watu wengi hujibu kwamba lugha yetu ni rahisi. Hapana, lugha yetu si rahisi, muulizeni mgeni anayehangaika na ngeli. Kilicho rahisi ni maandishi yake ya sasa, na ni rahisi kwa sababu ni mapya. Kwa karne nyingi huko pwani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na alama moja ilibeba e na i, nyingine o na u. Ilibidi msomaji ajue neno kabla ya kulisoma. Herufi za Kilatini zilipokuja, zilipangwa kufuata sauti. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu 1930 kamati ya makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ikasimamia namna ya kuandika. Miaka isiyofika mia moja haitoshi midomo kukimbia mbali na karatasi.

Ila hapa ndipo Bukavu inapoingia, kwa sababu sisi hatukuwa kwenye kikao hicho. Tahajia ilipimwa kwa mdomo wa Unguja. Mdomo wetu unasema apa, karatasi inataka hapa. Tunasema mutu, karatasi inataka mtu. Tunasema zambi, karatasi inataka dhambi. Kibandani wananiletea mialiko ya harusi iliyoandikwa kwa mkono, na ndani ya ukurasa mmoja nakuta arusi juu na harusi chini. Mwandishi aliijua h, hakuisikia. Kwa mtoto wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, h ya neno hapa ni ndugu wa g ya doigt. Ya doigt ilitengwa na mdomo tangu makarani walipoiweka, ya hapa kwa sababu ya safari ndefu kutoka Unguja hadi Kivu. Huo umbali kati ya mdomo na karatasi ndio ugumu wote wa tahajia. Penye umbali mdogo mtoto anaandika akiwa anacheza. Penye umbali mkubwa anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Ninavyomsindikiza wa kwetu ni kwa kutafuta ukoo wa neno. Wale makarani waliweka herufi bubu ili zionyeshe ukoo, basi tuutumie. B ya plomb haisikiki, lakini mwite plombier aje kutengeneza bomba na b inasema. T ya dent inasikika kwa dentiste. G ya sang inasikika mara tu unaposema groupe sanguin, neno ambalo kila aliyepita hospitali analijua. Temps ina temporaire, corps ina corporel, vingt ina vingtaine inayoisema t tu, g ikabaki bubu, na grand inaisema d yake ukimleta grande. Doigt mwenyewe ana digital, ile alama ya kidole tunayopiga kwenye karatasi: empreinte digitale. Binti wa dada yangu sasa ana daftari la koo. Kila neno lenye herufi bubu analitafutia jamaa wa kuisema, na asipompata anakuja kunisumbua katikati ya kazi, nami naacha kazi.

Poids tulibishana sana. Nilimwambia d yake haina ukoo wa kweli, ni ya kukariri tu. Akarudi siku iliyofuata na pondérer, amelipata kwenye kamusi ya mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo. Neno hilo linatoka kwa pondus, yaani kwa jamaa wa uongo yule yule aliyewadanganya makarani. Tumeliandika katika daftari, na pembeni ameweka alama ya nyota: anasaidia, lakini si ndugu.

Huit bado haina mtu.