Dodoma mpaka Bondeni kwa basi, na ile hadithi ya "utalipa faini tu"

Ukitaka kwenda Sauzi kwa barabara ukitokea hapa Dodoma, kabla hujakata hata tiketi utakuwa umeshapewa semina na watu ambao wao wenyewe mara ya mwisho walienda enzi za Mbeki. Wote wana wimbo mmoja: Mtanzania haombi viza, unagongewa muhuri wa siku 90, ukizidisha utalipa faini tu mpakani wakati wa kutoka. Mwanzo wa huo wimbo ni kweli kabisa. Huko mwishoni kulikuwa kweli zamani, sa hivi si kweli, na pale Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Sauzi, nimeona mtu mzima anatokwa machozi kwa sababu ya hiyo "utalipa tu".

Mi safari yangu ilikuwa ya kifamilia. Dada yangu yuko Johannesburg na shemeji, kajifungua, na mama magoti yake hayawezi kukaa kwenye basi huo muda wote, kikao kikakaa nyumbani Chang'ombe kikaamua niende mimi, nikabebeshwa unga wa uwele na mlenda wa kukausha kana kwamba huko niendako watu hawali. Pasipoti ninayo, hii ya kielektroniki ya shilingi 150,000 inayodumu miaka 10. Sauzi wanataka iwe na uhai wa angalau siku 30 baada ya tarehe unayopanga kuondoka kwao, na wanataka kurasa tupu. Hizo kurasa tupu usizichukulie poa kama unaenda kwa basi maana kila nchi inakugonga kuingia na kukugonga kutoka, Tanzania kutoka, Zambia mara mbili, Zimbabwe mara mbili, afu ndo Sauzi, na kurudi unaanza upya.

Nikapanda basi asubuhi pale stendi ya Nanenane. Kwa wasiojua, hii barabara ya kwenda Iringa kupitia Mtera ni kipande cha ile barabara ambayo Waingereza waliota itoke Cape Town mpaka Cairo, kwahiyo mtu wa Dodoma akienda Sauzi kwa basi hachepuki popote, anafuata tu barabara inayopita kwao. Mpunguzi mashamba ya zabibu, Mlowa, Fufu, mibuyu imesimama pembeni kama wazee waliokosa usafiri, afu ghafla unaliona bwawa la Mtera na wauza samaki wanakimbilia madirishani na perege waliokaangwa. Nilinunua. Ukipita Mtera bila kununua samaki sijui hata unaenda kuwahadithia nini watu.

Siti ya pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kongwa, anaenda Pretoria kwa mwanae wa kwanza, hajawahi kuvuka mpaka wowote maishani mwake. Nyuma yetu dada mmoja wa soko la Majengo, yeye anaishia Tunduma kwenye mambo yake ya mzigo, lakini Dubai kaenda sana. Huyo dada ndo aliyeanzisha mjadala. Anamwambia mama, "Mama yangu usiogope siku, hata zikizidi ni hela tu, mimi Dubai nilishapitiliza nikalipa nikaondoka zangu."

Na kwa Dubai hajadanganya. Emirati ukizidisha siku za viza ya kutembea wanakuhesabia dirhamu 50 kwa kila siku, na dirhamu kule imefungwa kwenye dola, dola moja ni dirhamu 3.67 hivi, kwahiyo hizo 50 ni kama dola 13 na nusu kwa siku. Wiki mbili ni dirhamu 700. Inauma ila inalipika, na mwaka 2024 walitoa hadi msamaha kuanzia Septemba mosi mpaka mwisho wa Desemba, aliyekuwa kazidisha akaruhusiwa kurekebisha makaratasi au kuondoka bila faini. Lakini hiyo ni Dubai bana. Shida yetu Watanzania ni kubeba sheria ya nchi moja na kuihamishia nchi nyingine kwa sababu tu shangazi alifanya hivo na yakamuendea vizuri. Marekani wao wamefika mahali wanataka hela kabla hujakosea, mwaka 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo muomba viza ya kutembea anaweza kuambiwa aweke dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, ukirudi kwa wakati unarudishiwa, ukipitiliza imekwenda hiyo. Na huko huko mtu akikaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 afu akaondoka, anafungiwa miaka 3, akifikisha mwaka ni miaka 10.

Sauzi hawataki hela yako. Tangu kanuni zilivyobadilika mwezi Mei 2014 faini ya mpakani iliondolewa, kilichobaki ni kufungiwa. Ukizidisha mara ya kwanza na hujavuka siku 30, unatangazwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12. Ukirudia ndani ya miezi 24 ni miaka 2. Ukivuka siku 30 ni miaka 5 moja kwa moja. Na hizo siku 30 ni za kuamua ukubwa wa adhabu, sio muda wa huruma, hata siku moja tu inakutosha kufungiwa mwaka mzima. Nilimueleza mama wa Kongwa hayo yote tunapanda milima ya Nyang'oro, akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, miezi mitatu yote hiyo mimi nakaa huko nafanya nini? Kuku wangu nani anawaangalia?"

Nikamwambia mama, sio miezi mitatu, ni siku 90. Akanishangaa. Nikatoa kalamu nikamuonyesha nyuma ya tiketi. Ukiingia tarehe 3 Julai, siku yenyewe ya kuingia ni siku ya kwanza, Julai unapata siku 29, Agosti 31, hapo 60, na Septemba 30, umemaliza tarehe 30 Septemba. Aliyehesabu miezi mitatu yeye anajua ana mpaka tarehe 3 Oktoba, anafika mpakani anacheka na watu kumbe kazidisha siku tatu. Na hao waliokaa miaka na miaka kwa kujificha tuwaache, kuna watu kibao waaminifu kabisa wanaonaswa na hesabu hii tu.

Iringa tulikula, Mbeya tukalala. Njiani maafisa uhamiaji walipanda mara kadhaa kukagua, hii barabara inatumika sana kupitisha vijana wa Kihabeshi wanaoelekea kusini bila karatasi, kwahiyo ukiwa na sura yoyote ya kuchoka unaulizwa unatoka wapi. Konda akasema wasiokuwa na vitambulisho waanze kusali. Tunduma kituo ni kimoja kwa nchi zote mbili, unagongwa kutoka Tanzania na kuingia Nakonde humo humo, dada wa Majengo akatuaga, wabadilisha fedha wakatuzingira kama kawaida, na ukivuka saa inarudi nyuma moja. Zambia ni ndefu jamani. Kutoka Nakonde mpaka Lusaka ni kama kilomita elfu moja na sina cha kuwahadithia zaidi ya malori na vituo vya mizani. Tukavuka Zambezi pale Chirundu, tukapita Harare usiku, tukashuka mpaka Limpopo.

Beitbridge upande wa Sauzi siku hizi unakutana na Mamlaka ya Usimamizi wa Mipaka, waliochukua hizi kazi za kaunta mwaka 2023. Afisa kaniuliza unaenda kwa nani, utakaa muda gani, utarudi na nini, una shilingi ngapi. Nilikuwa na barua ya dada na nakala ya kitambulisho chake na tiketi ya kurudi. Hapa ndo pa kuelewa vizuri, 90 ni kiwango cha juu, sio haki yako ya kuzaliwa. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alijieleza hovyo hovyo akaandikiwa siku chache kuliko alizotegemea, na akaondoka kaunta bila hata kuangalia, nikamwita nikamwambia kaka fungua hapo usome, tarehe ya mwisho imo ndani ya muhuri, hiyo ndo sheria yako wewe, mengine yote ni stori. Akasoma akaguna.

Johannesburg sitaielezea sana, mtoto ni mzuri, anafanana na babu yake, mlenda uliisha ndani ya siku mbili. Ila nilikaa sana na Watanzania wa kule na mazungumzo yao makubwa ni siku. Kuna wanaoamini ukitoka ukaingia Lesotho ukanywa soda ukarudi, siku zinaanza upya. Hazianzi, ukirudi unakuta tarehe ni ile ile. Kuna mawakala, hao ndo hatari zaidi, wanakwambia lete pasipoti na hela kidogo, sisi tunaituma mpakani inagongwa wewe umelala kitandani. Yaani mwili wako uko Johannesburg na pasipoti inasema umetoka nchini, siku ukishikwa hilo ni kosa lingine kabisa, sio la kuzidisha siku tena. Njia ya halali ipo, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini maombi yanatakiwa yaingie siku zisizopungua 60 kabla ya muda wako kuisha, maana yake mwenye siku 90 anatakiwa aamke ndani ya mwezi wa kwanza. Nani kati yetu anaamka mwezi wa kwanza?

Nilirudi na siku bado zimebaki nyingi, kwa makusudi. Kwa basi huwezi kukata tiketi ya siku ya mwisho, gari likizingua Polokwane usiku ukaingia umekatika, na wanachoangalia ni saa uliyosimama mbele ya kaunta, hawana habari na saa uliyotoka nyumbani. Karibu na Krismasi foleni ya Beitbridge peke yake inaweza kukumalizia siku.

Kwenye foleni hiyo ndo nikakutana na kijana wa Manyoni. Fundi nywele, alikuwa kapiga kazi saluni, na viza ya kutembea hairuhusu kazi hata ya kufagia, afu kazidisha miezi mingi tu. Yuko na amani kabisa. Randi elfu tatu kazifunga kwenye soksi, za faini, kaambiwa na aliyemleta. Tulipofika dirishani afisa akaangalia skrini, akaandika, akatoa fomu, akamwambia asaini hapa. Kijana akainama akafungua kiatu, akazitoa zile hela akaziweka juu ya kaunta. Afisa akazisukuma kwa kidole zikarudi, hakukasirika wala nini, akasema hapa hatupokei malipo, miaka mitano, anayefuata. Ana mtoto wa miaka miwili kule. Kutoka hapo mpaka Chirundu hakula kitu, Lusaka ndo akaanza kuongea, na swali lake lilikuwa moja, kwamba hiyo miaka mitano inaanza kuhesabika leo au siku aliyoanza kuzidisha. Leo, nikamwambia. Akasema basi.

Nilikuwa nimeshasahau hayo mambo, niko zangu Majengo kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, mama wa Kongwa akanipigia. Tulibadilishana namba Tunduma. "Mbukwa mwanangu, wamenifungia." Kumbe alipasuliwa kule, tumbo, akalazwa, akatoka hospitali tarehe ya muhuri imeshapita, mwanae akamkatia tiketi daktari alivyoruhusu tu. Hazijafika siku 30 kwahiyo amepewa miezi 12. Nikamuuliza mama karatasi za hospitali unazo? Anazo zote, kaziweka kwenye mfuko wa rambo pamoja na ile fomu aliyosaini.

Ukishatangazwa hivyo una siku 10 za kazi za kuandika kuomba wakuondolee, unaandika ukiwa nje ya nchi yao, na lazima uonyeshe sababu ya maana, sio nilisahau wala sikujua. Kulazwa ni sababu ya maana. Tatizo siku zake kadhaa zilishaliwa na basi. Akaja mjini kesho yake asubuhi na daladala ya kwanza, tukaenda steshenari moja, nikamuandikia barua kwa Kiingereza changu cha VETA, tukaskani fomu, kurasa za pasipoti zenye mihuri, tiketi, barua ya daktari yenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, tukatuma kwa imeili. Kijana wa steshenari akataka kubana mafaili yawe madogo barua ya daktari ikawa haisomeki, nikamwambia rudia, hiyo ndo kesi yenyewe.

Majibu yalichukua muda, mama akiwa ananipigia kila Ijumaa. Yalipokuja walikuwa wamemuondolea. Nikamchapia nakala mbili atembee nayo moja, maana kompyuta ya mpakani ikiwa bado haijapata habari atahitaji kitu cha kuonyesha. Akauliza sasa naweza kwenda mwezi ujao nikamuone yule mjukuu wa pili? Nikamwambia mama, zile 90 ni za mwaka na wewe za mwaka huu umezimaliza, tulia kwanza. Akasema basi mwanae apande yeye basi aje Kongwa, kuku wapo.