Kabla ya kufukia hewa ya ukaa, pima jiwe

Dodoma tumezungukwa na itale, jiwe ambalo karibu halina nafasi ya kuhifadhi gesi. Basi wanafunzi walilinganishe na jiwe la mchanga, lenye vitundu vingi zaidi vya kuhifadhi gesi. Kausha vipande kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, pima, vuta hewa kwa pampu, ndipo uingize maji na kupima upya. Kila gramu iliyoongezeka ni sentimita moja ya ujazo (cm³) ya vitundu vya jiwe. Kosa kubwa: kufuta jiwe kwa kitambaa kikavu, kikanyonya maji ya ndani. Kilowanishe, ukikamue.

Na gesi ifukiwe kina gani? Kwenye mita 800 maji hukandamiza kwa takriban megapaskali 8. Hewa ya ukaa ikivuka megapaskali 7.4 na nyuzi 31 hujibana sana, ikachukua nafasi ndogo. Ila mimi ningekazia saruji ya kuziba visima vya zamani vya mafuta na gesi. Ndiko hewa hiyo inakoweza kuvujia.