Rangi Ilikuwa Haijakauka

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunalipita geti la Kijiji cha Makumbusho kila siku tukiwa tumebanana ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, na wengi wetu hatujawahi kushuka. Jumamosi moja tulishuka. Tulikuwa watu wazima wawili na watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 12. Tulipanga sehemu tatu kwa siku moja: Makumbusho asubuhi, vinyago vya Mwenge mchana, kisha wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama zenye nukta na rangi kali, kule Oysterbay kabla jua halijazama. Kwa umbali ni safari fupi sana. Kwa jua la Dar na watoto watatu, sehemu mbili zingetosha.

Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini beba kitambulisho. Fika mapema asubuhi, maana nyumba zimetawanyika kwenye eneo la wazi na kufikia saa sita jua linakuwa la utosini. Beba maji ya kutosha kutoka nyumbani. Soda na maji ya njiani yalitumalizia fedha kuliko kiingilio chetu sote.

Kijiji hiki kilianzishwa katika miaka ya 1960, na kiko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndani zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo mtoto anaingia, anainama mlangoni, anagusa ukuta. Wanangu walikwenda mbio kwenye msonge wa Wahaya, ile nyumba ya duara ambayo nyasi zake zinashuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ukiingia unasikia joto limebaki nje. Nyasi nene hazipitishi moto wa jua kama bati, na moshi na hewa ya ndani hupenya polepole kupitia humohumo kwenye nyasi. Nilikaa pale nikifikiria vyumba vyetu vya uswahilini, bati juu, dari hakuna, feni inazungusha hewa ileile ya moto usiku kucha. Bibi zetu walilala pazuri kuliko sisi.

Nyumba iliyotuweka muda mrefu ni tembe la Wagogo. Ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, na paa lake ni udongo mtupu. Nguzo zenye panda zimebeba boriti, juu ya boriti zimepangwa fito, juu ya fito yakawekwa majani, kisha udongo ukashindiliwa. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 600 kwa mwaka, na nyingi huanguka katika miezi michache, kwa hiyo paa linapata muda mrefu wa kukauka. Dar hupata zaidi ya milimita 1,000. Paa lilelile likijengwa pwani linaloa, linakuwa zito, na mchwa wanapanda kwenye nguzo zilizo na unyevu. Ndiyo maana nyumba za namna hii zinahitaji kukarabatiwa kila mara, na ukikuta moja imechakaa usidhani imetupwa tu.

Mtoto wa miaka 9 aliuliza kwa nini ukuta una nyufa. Udongo unapokandikwa kwenye fito huwa umejaa maji. Maji yakitoka, udongo unanywea. Jua kali likikausha upande wa nje wakati wa ndani bado ni mbichi, nje inanywea peke yake na kupasuka. Wajenzi huchanganya majani makavu yaliyokatwakatwa ili yaushike udongo, hukandika tabaka la kwanza, huliacha likauke kivulini, huacha nyufa zitokee zote, ndipo huziba kwa tabaka la pili lililo jembamba. Anayeharakisha tabaka la pili anazifunika nyufa kwa siku chache tu.

Mwenge hatukukaa sana, njaa ilikuwa imewabana watoto. Soko la vinyago lina safu za maduka mbele, na nyuma yake ndiko kwenye raha, maana huko mafundi wamekaa chini na tezo, patasi na tupa, vumbi la mpingo miguuni. Pita moja kwa moja hadi huko. Salimia kwanza, ukimkuta mzee mpe shikamoo yake, kisha omba kutazama. Fundi mmoja alimpa binti yetu mkubwa kipande cha msasa na kinyago kidogo cha kiboko ambacho hakijaisha. Msasa unaanzia namba 80 kuondoa alama za tupa, unafuata 120, kisha 240, unamalizia 400. Ukiruka namba, mikwaruzo ya msasa mkali inabaki, na inaonekana vizuri kabisa siku utakapopaka nta.

Kuhusu mpingo wenyewe, watu wengi huupima kwa kufuta kinyago kwa kitambaa cheupe. Weusi ukitoka wanasema ni bandia. Kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu hata mpingo halisi mara nyingi hung'arishwa kwa dawa nyeusi ya viatu. Kipimo cha kweli ni uzito na kitako. Mpingo mkavu bado ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kipande chake kinazama. Ukigeuza kinyago na kukwaruza kidogo chini kwa ukucha au ufunguo, kwa ruhusa ya mwenye mali, mpingo utabaki mweusi au wa kahawia iliyokolea hadi ndani, na ule utepe wa rangi ya maziwa pembeni ni sehemu ya nje ya mti uleule. Mti mwepesi uliopakwa rangi unafichua weupe mara moja. Kisha tafuta nyufa kwenye ncha. Mpingo uliochongwa mbichi hupasuka ukishafika sebuleni, hasa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kwa sababu ncha za gogo hutoa unyevu haraka kuliko ubavu. Usiuweke dirishani. Upake nta kwenye ncha na uuache mahali penye kivuli.

Nilimsikia fundi akimwambia binti, "Mwanangu, mti huu haupendi haraka." Nilidhani anazungumzia msasa.

Bajaji kutoka Mwenge hadi Oysterbay: dereva wa kwanza alitaka 15,000, wa pili akakubali 8,000, na bado naiona ni ghali kwa mwendo ule. Tulishuka Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Hapa ndipo kazi za Edward Said Tingatinga ziliponunuliwa na wateja wake wa mwanzo. Alizaliwa mwaka 1932 kusini, upande wa Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha, akaanza kuchora mwaka 1968. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine. Miaka minne tu ya kazi, na ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo ule hadi wakaunda ushirika wao mwaka 1990.

Mzee huyu alichorea vipande vya ubao wa kujengea, na rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, ya kupakia baiskeli. Ubao wa futi 4 kwa 8 unatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubaki hata kidogo, na huo wa mraba ndio umbo linaloonekana sana katika kazi za mwanzo. Leo wengi huchorea kitambaa cha pamba kilichovutwa kwenye fremu. Kwanza hupakwa rangi ya chini mara mbili na kuanikwa. Baada ya hapo mnyama huchorwa, wengine kwa chaki kwanza, wengine moja kwa moja kwa brashi. Mwisho huja mapambo, yaani magamba, manyoya na nukta. Nukta nyingi haziwekwi kwa manyoya ya brashi. Fundi huigeuza, akachovya kitako cha mpini, akagusa kitambaa na kuinua. Nukta inabaki imevimba kama tone la asali.

Picha tuliyoipenda haikuwa kwenye jengo la ushirika. Ilikuwa kwenye kibanda cha pembeni: tausi, sentimita 60 kwa 60, mandhari ya njano, mkia una nukta nyeupe na za buluu zaidi ya mia. Bei ilianzia 60,000, tukaelewana 40,000. Ili ikae vizuri kwenye bajaji, kijana aliyekuwa dukani aliing'oa kwenye fremu, akatandika gazeti juu ya tausi, akaiviringisha rangi ikiwa ndani, akafunga raba mbili. Niligusa rangi kwa kidole kabla hajaiviringisha. Ilikuwa kavu.

Tulipoifungua nyumbani saa mbili usiku, gazeti lilikuwa limeshika. Mtoto alivuta ncha moja, na nukta tatu za mkia zikatoka na karatasi. Kwenye ile njano tuliona herufi za gazeti zimechapika kinyumenyume.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Thina huruka kwanza, na hiyo ni kazi ya saa chache. Baada yake mafuta yaliyobaki hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu. Hewa inaingilia juu, kwa hiyo juu hutangulia na ndani hubaki laini. Mandhari iliyopakwa nyembamba inaweza kuwa tayari kesho yake. Nukta iliyovimba inataka siku kadhaa, na wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hata wiki mbili. Kidole changu kilikuwa kimegusa mandhari, sehemu inayokauka mapema kuliko zote. Kisha ile joto ya bajaji ililainisha ngozi ya juu, raba zikabana, na wino wa gazeti, ambao nao una mafuta, ukahamia.

Kwa hiyo gusa nukta nene kuliko zote, tena ile iliyo pembeni ambapo alama haitaonekana. Bonyeza kwa ukucha. Ukiacha kishimo, bado. Nusa pia, harufu kali ya rangi maana yake kazi ni ya juzi. Geuza picha uangalie mgongo wa kitambaa. Ukiona mafuta yamepenya na kuacha kivuli cha manjano kuzunguka kila rangi, tabaka la chini lilikuwa jembamba mno, na pamba iliyolowa mafuta hukakamaa na kukatika baada ya miaka. Kama nukta hazijakauka, lipa nusu uiache kwa mchoraji, au ichukue ikiwa kwenye fremu yake hata kama bajaji itajaa.

Ikibidi kuiviringisha, rangi iwe nje. Ikiwa ndani inajikunjakunja na kumenyeka. Zungushia bomba gumu lenye upana wa sentimita 10 au zaidi, funika kwa karatasi ya kuokea keki isiyoshika, na ufunge kwa utepe wa kitambaa. Raba huacha alama.

Kilichoshika usikivute kikiwa na joto. Tuliiweka chini ya feni nusu saa, kisha tukamenya gazeti polepole kwa kulirudisha nyuma juu ya lenyewe, karibu bapa, bila kulivuta kwenda juu. Mabaki ya karatasi tuliyaacha kabisa. Wiki mbili baadaye, rangi ikiwa imekomaa, tuliyalowesha kwa maji kidogo na kuyasugua kwa kidole yakatoka. Thina ingeondoa karatasi na tausi pia.

Herufi hazikutoka. Tulirudi Oysterbay na mchoraji mwenyewe, mtu mtaratibu, akaitazama muda mrefu. "Pole mama," aliniambia, "siku mliyoinunua, hii ilikuwa ya jana yake asubuhi. Ungenikuta mimi nisingekupa." Alilainisha ile njano kwa msasa namba 400 wenye maji, akapaka njano mpya sehemu hiyo tu, akaturudishia siku ya nne. Nukta tatu aliziweka watoto wakitazama, na hakutaka malipo. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili ndiyo iliyouma.

Alituonyesha pia jinsi ya kuivuta upya kwenye fremu. Msumari wa kwanza unapigwa katikati ya upande mmoja, wa pili katikati ya upande unaotazamana nao, kisha katikati ya pande mbili zilizobaki. Kutoka hapo unakwenda kuelekea kwenye kona, msumari kila baada ya sentimita 5, ukihama upande kila mara. Ukianzia kwenye kona kitambaa kinapata mkunjo wa mshazari ambao hautoki tena.

Tausi yuko ukutani, mbali na dirisha na jiko. Nyeupe ya nukta tatu mpya ni safi kuliko ya wenzake, na ukisimama karibu na mlango unaziona. Mdogo wetu huwaonyesha wageni.